Kuchagua hedifoni ya gemu na ya kila siku itakayostahimili joto, jasho na chumvi ya Tanga

Hedifoni nyingi zinazoharibika Tanga haziharibiki spika. Spika isipoingiwa na maji wala kupigwa sauti ya kuipasua hudumu miaka mingi. Kinachokufa ni ngozi bandia ya sponji, waya pale unapotokea kwenye pini, na plastiki ya upinde unaopita juu ya kichwa, karibu na bawaba. Vitu hivi vitatu boksi halivitaji. Boksi linataja besi, 7.1 (sauti ya kuzunguka pande zote), spika ya milimita 50 na taa za rangi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye vile vitatu, na namba za boksi tutazigusa kwa kifupi huko mbele.

Tutaita hedifoni ile isiyo na maiki ya kuning'inia mbele ya mdomo, hedseti ile yenye nayo, na iafoni vile vidogo vya kuchomeka ndani ya sikio.

Hatua ya 1: Amua itachomekwa wapi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu hununua kitu kizima, kipya, ambacho hakiongei na mashine yake.

Angalia pini. Ya milimita 3.5 yenye mistari miwili myeusi ni ya kusikiliza tu. Yenye mistari mitatu ina njia nne: kushoto, kulia, ardhi (njia ya kurudishia umeme) na maiki. Hiyo ndiyo ya simu, ya pedi za kuchezea za PS4 na PS5, na ya kompyuta mpakato zenye tundu moja. Kompyuta ya mezani yenye matundu mawili, la kijani na la waridi, itahitaji kigawanyio chenye pini mbili. Bila hicho utasikia lakini wenzako hawatakusikia.

Kwenye PS4 kuna jambo linalofanya watu warudishe hedseti nzima dukani. Ukichomeka kwenye pedi, mashine hupeleka maongezi peke yake, na sauti ya gemu hubaki kwenye runinga. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa, kisha vifaa vya sauti, uchague sauti yote itoke kwenye hedifoni. PS5 hupeleka yote bila kuombwa.

PS4, PS5 na Xbox hazipokei hedifoni za kawaida za Bluetooth. Unaweza kuziona zikitafuta hadi asubuhi. Ukitaka zisizo na waya kwa PS4 au PS5, nunua zinazokuja na kipokezi chake cha kuchomeka kwenye USB, na boksi liseme wazi kuwa zinafaa kwa mashine hiyo. Za Xbox zina mfumo wake, hivyo usidhani kipokezi cha PlayStation kitafanya kazi huko.

Simu isiyo na tundu la 3.5 inahitaji adapta ya USB-C, na adapta hizo ni za aina mbili. Moja ni waya mtupu. Nyingine ina chipu ndogo ya kugeuza sauti. Simu nyingi za sasa hazifanyi kazi na ile ya waya mtupu: unachomeka, simu inakaa kimya kama haijaona kitu. Ijaribu kwenye simu yako mwenyewe kabla ya kulipa, kwani iliyofanya kazi kwenye simu ya muuzaji inaweza kukataa yako.

Dalili moja ya kukumbuka: ukichomeka ukasikia ala tu, sauti ya mwimbaji imezama mbali kama yuko chumba cha pili, hedifoni haijafa. Ama pini haijaingia mpaka mwisho, ama mpangilio wa njia ya ardhi na ya maiki umepishana, kitu kinachotokea kwa hedseti za mpangilio wa zamani. Bonyeza kitufe cha kupokelea simu ukishikilie. Sauti ikirudi vizuri, tatizo ni huo mpishano, na adapta ndogo ya kubadilisha njia hizo mbili inalimaliza.

Hatua ya 2: Waya au bila waya

Kwa gemu, waya. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 250, yaani mpaka robo ya sekunde. Kwa muziki haina shida. Kwa video, programu nyingi husubirisha picha ili ilingane na sauti. Gemu haiwezi kusubiri: adui ameshafyatua, wewe ndiyo unasikia hatua zake. Zenye kipokezi cha USB cha gigahezi 2.4 huchelewa kidogo sana, mara nyingi milisekunde zisizozidi 40, na hizo mtu haoni tofauti.

Bluetooth ina kasoro ya pili ambayo wauzaji hawaielezi. Ukiwasha maiki ili uongee na timu, hedifoni nyingi huhamia kwenye njia ya simu. Sauti inakuwa ya mono, yaani ile ile masikio yote mawili bila kushoto wala kulia, nyembamba, na muziki unakuwa kama unatoka kwenye redio mbovu. Huwezi kujua adui yuko upande gani. Anayecheza gemu za kikosi kwenye simu na kuongea humo humo asinunue Bluetooth, hata iwe ya bei gani.

Kwa kusikiliza tu, Bluetooth ina raha yake. Chagua yenye tundu la waya pia, ili umeme ukikatika na betri ikiisha uendelee. Fahamu kuwa betri ya lithiamu huzeeka upesi kwenye joto. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani wala dirishani, na usiichaji ikiwa bado ina joto la jua.

Hatua ya 3: Umbo

Ya kufunika sikio zima ndiyo ya kukaa nayo saa nyingi. Inayokalia juu ya sikio hubana gegedu, na ndani ya saa moja linaanza kuuma, hasa kwa mwenye miwani. Iafoni ni nyepesi na haitoi jasho la shavuni, ila tundu la sikio hubaki limezibwa, na joto na unyevu vikikaa humo muda mrefu vinakaribisha maambukizi. Zitoe kila baada ya muda, na usiazimane.

Vikombe, yaani maganda yanayokaa masikioni, vikiwa vya kufungwa huzuia sauti ya nje na ya ndani isitoke. Hivi ndivyo vya kwenye banda la gemu, nyumba yenye watoto, au chumba chenye feni ya dari inayovuma. Vikombe vya wazi, vyenye matundu mgongoni, hupitisha hewa, sikio halichemki, na upande ambao sauti inatokea unajulikana vizuri zaidi. Ubaya ni kwamba aliye karibu nawe anasikia kila kitu. Ukiwa na chumba chako na saa zako ni za usiku wa utulivu, za wazi ni nafuu kubwa wakati wa kaskazi, ile Januari na Februari ambayo hata usiku haupoi. Ukiwa huna utulivu huo, chukua za kufungwa, halafu pambana na joto kupitia sponji.

Hatua ya 4: Pima kichwa, sikio na uzito

Uzito kwanza. Chini ya gramu 300 ni sawa kwa watu wengi, na chini ya 250 utaisahau kichwani. Ikifika 350, upinde uwe mpana wenye sponji nene au mkanda wa kuning'iniza, vinginevyo utosi utauma kabla ya mechi ya tatu. Mifano ya kulinganishia: HyperX Cloud Stinger ina gramu 275, Razer BlackShark V2 X gramu 240, Audio-Technica ATH-M50x gramu 285 bila waya wake.

Sikio nalo lipime kwa rula. La mtu mzima huwa kwenye milimita 60 kwenda juu, pengine zaidi. Tundu la ndani la sponji liwe angalau milimita 60 kwa 40, na kina kisipungue milimita 20. Kina ndicho kinachosahaulika. Kikiwa kifupi, ncha ya sikio inagusa kitambaa kinachofunika spika, na baada ya nusu saa panauma usijue kwa nini.

Kubana kuwe kwa wastani. Vaa, inama uangalie vidole vya miguu, tikisa kichwa kushoto na kulia. Ikiteleza imelegea. Ukihisi mapigo ya moyo kwenye mataya imebana mno. Yenye upinde wa chuma inayobana kidogo hulegea ukiivalisha kwenye boksi lililozidi upana wa kichwa chako kwa sentimita moja au mbili, ikalala hivyo usiku mbili tatu. Upinde wa plastiki usiufanyie hivyo, utapasuka.

Mwenye miwani achague sponji laini na nene, kwa sababu fremu huinua sponji na kuacha mwanya, besi ikatorokea hapo. Fremu nyembamba ya chuma inasumbua kidogo kuliko ya plastiki nene.

Anayevaa hijabu ana njia mbili. Akivaa vikombe juu ya kitambaa, kitambaa kiwe kimoja na chepesi, maana matabaka mawili ya kitambaa cha jezi yanakula sauti za juu na kuachia besi. Pini za mtandio zikae mbali na kikombe, kwani zinachana sponji. Njia ya pili ni kuvaa hedifoni nyembamba chini ya mtandio wa juu. Inatulia vizuri, ila maiki lazima itokeze nje ya kitambaa. Kwa kofia jambo ni dogo: refusha reli za upinde hatua moja au mbili zaidi, na hakikisha zina nafasi hiyo ya ziada.

Hatua ya 5: Sponji, adui na dawa yake

Ngozi bandia ya sponji nyingi ni poliyurethani iliyopakwa juu ya kitambaa. Unyevu wa hewani, ukisaidiwa na joto, huvunja viunganishi vya plastiki hiyo pole pole hata hedifoni ikiwa kabatini haiguswi. Jasho na mafuta ya ngozi huongeza kasi. Ndiyo maana vipande vyeusi vinaanza kubaki masikioni na shingoni. Mji wa pwani kama Tanga, wenye unyevu karibu mwaka mzima na masika juu yake, ni mahali pagumu kwa ngozi hiyo. Hakuna mafuta wala losheni ya kuirudisha ikishaanza kubanduka, na mafuta ya nazi ambayo wengine hupaka yanailainisha siku mbili kisha inaoza upesi zaidi.

Basi swali la kwanza dukani liwe: sponji zinatoka? Chomeka kucha kwenye ukingo uvute taratibu. Zinazotoka huwa na mkunjo wa kitambaa uliovutwa juu ya ukingo wa kikombe, au vishikizo vya plastiki vinavyolia. Zilizogundishwa moja kwa moja, achana nazo. Swali la pili: za kubadilisha zinapatikana? Mifano maarufu ina sponji za akiba zinazouzwa kote, na usipozipata Ngamiani hapa Tanga zinaagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, zikaja na basi. Sony MDR-7506, inayotengenezwa tangu 1991, sponji zake asili nazo hubanduka, lakini kwa kuwa za kubadilisha ni nyingi, watu wanaitumia miaka na miaka. Hedseti ya jina lisilojulikana yenye sponji ya umbo la peke yake itakufa siku ngozi yake ikifa.

Za velveti au kitambaa cha wavu hazibanduki na hazina joto. Zinapunguza besi kidogo kwa kuwa hewa inapenya, na zinanyonya jasho, kwa hiyo zinahitaji kufuliwa. Kwa Tanga tungechagua kitambaa mara tisa kati ya kumi. Logitech G Pro X na HyperX Cloud II zimeuzwa zikiwa na jozi zote mbili ndani ya boksi. Hakikisha jozi ya pili ipo kabla hujaondoka.

Usipopata za kitambaa, fundi cherehani anamaliza kazi kwa kipande cha fulana nyepesi ya pamba. Kwa sponji ya duara yenye upana wa sentimita 9 na unene wa sentimita 2, kata duara la sentimita 16, pinda ukingo, pitisha lastiki nyembamba ndani yake, vuta ikae kama kofia ya kuogea. Huhitaji kutoboa katikati. Pamba nyepesi ya tabaka moja hupunguza sauti za juu kidogo tu. Shona jozi mbili, moja ikifuliwa nyingine inavaliwa. Kifuko hiki huweka jasho mbali na ngozi bandia, na hapo ndipo faida yake ilipo.

Hatua ya 6: Waya na upinde

Waya wa kuchomoa kwenye kikombe ni bora kuliko sifa yoyote iliyoandikwa kwenye boksi. Ukikatika, unanunua waya tu. HyperX Cloud Alpha na ATH-M50x ziko hivyo. Chunguza tundu la kwenye kikombe: likiwa la 3.5 la kawaida, lisilozama ndani sana, waya wowote unaingia. Likiwa la milimita 2.5 lenye kufuli la kuzungusha, utalazimika kutafuta waya wake maalumu.

Waya usiochomoka uwe na mkia wa mpira unaopinda pande zote mbili, kwenye pini na kwenye kikombe. Mkia mgumu usiopinda hauna kazi, waya unavunjika pale pale unapoishia. Urefu wa mita 1.2 unatosha kwa simu na pedi. Kompyuta iliyo chini ya meza inataka mita 2 au zaidi.

Upinde uwe na bamba la chuma ndani. Vuta reli uone linachomoza. Bawaba za kukunja zinafaa kwa msafiri, lakini kila bawaba ya plastiki ni mahali pa kuvunjikia. Kwa hedseti inayokaa mezani, isiyokunjika ni imara zaidi.

Namba za boksini, kwa kifupi

Spika ya milimita 50 si lazima iishinde ya 40. Maandishi ya 7.1 kwenye hedseti kwa kawaida ni programu inayochezea spika mbili zile zile, na mara nyingi sauti ya kawaida ya pande mbili ndiyo inayoonyesha vizuri adui alipo. Masafa ya hezi 20 hadi 20,000 yameandikwa karibu kila boksi, hayakusaidii kuchagua. Omu, kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika, ndizo za kuangalia: 16 hadi 32 huendeshwa na simu bila taabu, ilhali Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250 itanong'ona kwenye simu hadi uipe kikuza sauti. Hata hivyo omu peke yake haitoshi. MDR-7506 ni ya omu 63 na inapiga vizuri kwenye simu, kwa sababu spika yake ni nyepesi kuamka.

Hatua ya 7: Robo saa dukani

Usinunue kwa muuzaji anayekataa kufungua boksi. Vaa dakika 10 mfululizo ukiongea mambo ya bei, ndipo maumivu yajitokeze. Piga rekodi ya zamani ya mono. Nyingi za taarabu za miaka ya sitini ziko hivyo. Sauti ya mwimbaji lazima ikae katikati ya kichwa kabisa. Ikiegemea upande, spika moja ni dhaifu au sponji haijakaa. Kisha piga wimbo mpya wa pande mbili, na uhakikishe kushoto ni kushoto. Nakala bandia huja zimegeuzwa mara nyingi, na kwenye gemu utakuwa unakimbilia risasi.

Sauti ikiwa chini, pindapinda waya karibu na pini na karibu na kikombe. Mkwaruzo wowote, rudisha. Rekodi maiki kwenye simu yako sekunde 20, ukisema maneno yenye "p" na "b" nyingi, usikilize kama inapuliza. Nusa: harufu kali ya plastiki ni dalili ya sponji ya bei rahisi. Chukua risiti yenye jina la modeli na muda wa dhamana.

Utunzaji

Baada ya kila matumizi, futa sponji kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo, kisha kikavu. Spiriti ni ya pini tu. Kwenye ngozi bandia inaikausha na kuipasua. Pini na matundu yafutwe kwa spiriti mara moja kwa mwezi, na mara mbili kwa wanaokaa Raskazone na nyumba zilizoelekea bahari, maana chumvi inayopeperushwa na upepo huleta kutu ya kijani inayokwaruza sauti. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Waya uviringe mzunguko mpana wa kiganja, usiufunge kwenye simu. Iafoni za Bluetooth zenye alama ya IPX4 zinavumilia jasho na manyunyu; IPX7 ni mita moja ya maji kwa dakika 30, lakini majaribio hayo ni ya maji yasiyo na chumvi, siyo ya bahari. Zikiloa, zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha kwenye kichajio, kwani chumvi ya jasho pamoja na umeme ndivyo vinavyokula vile vidoti vya shaba vya kuchajia.

Kuhusu sauti, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kwenye desibeli 90 saa hizo zinashuka hadi 4 kwa wiki nzima, muda ambao mchezaji anaumaliza jioni moja. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kufunga kikomo cha sauti; uweke, hasa kwa mtoto. Ukiendesha baiskeli au bodaboda, vua kabisa.

Pini ikikatika

Usitupe. Nunua pini ya chuma yenye idadi ile ile ya mistari, kata waya sentimita 3 juu ya palipokatika, umpelekee fundi. Pitisha kifuniko cha pini kwenye waya kwanza; wanaokisahau hufungua kazi upya. Nyaya za ndani ni shaba nyembamba iliyopakwa vanishi ya rangi: mara nyingi kijani au buluu ni kushoto, nyekundu ni kulia, isiyo na rangi ni ardhi, na ya maiki hubadilika kwa mtengenezaji, hivyo ipimwe kwa mita ya umeme. Vanishi hiyo lazima iunguzwe kwa ncha ya moto yenye risasi ya kulehemu mpaka shaba ing'ae kwa fedha. Fundi akiruka hapo, risasi inakaa juu ya vanishi, sauti inakuja dukani na kupotea ukifika nyumbani. Kabla hajafunga kifuniko, mwambie avute kila waya taratibu kwa kibano, ajaribu kushoto, kulia na maiki, ndipo abane mkia wa waya kwenye kishikizo cha pini ili uzito usiangukie kwenye risasi.